Adrian Atiman: Tabibu wa Karema Aliyetembea Kutoka Utumwani Hadi Ziwa Tanganyika

Na Mwandishi Wetu, Karema

Msafiri anayeondoka Mpanda kuelekea Karema, Mkoani Katavi, husafiri zaidi ya kilomita 100 kabla ya kuyaona maji. Njia hupita kwanza katika misitu ya miombo, kisha huanza kupanda na kushuka vilima vya Ukabende, mpaka nyanda za juu zinapofikia ukingo wake na Ziwa Tanganyika kujitandaza chini, pana na la bluu, milima ya Kongo ikionekana ng'ambo siku ambazo hewa ni safi. Wengi husimamisha gari mahali hapo. Wengine hushuka na kutembea kidogo kwa miguu, kwa kuwa mandhari kama hayo hayatoshi kutazamwa kupitia dirishani.

Zaidi ya miaka 130 iliyopita, kijana wa umri wa miaka 23 hivi aliwasili katika mwambao huo huo. Hakuja kwa gari wala kwa treni. Alikuja kwa miguu pamoja na msafara uliotoka Pwani, akiwa na elimu ya udaktari aliyoipata Ulaya na kumbukumbu ya minyororo aliyofungwa alipokuwa mtoto. Jina lake lilikuwa Adrian Atiman. Alikaa Karema kwa miaka 67, akatibu vizazi vitatu vya wakazi wa mwambao na vilima vyake, na hakuondoka tena hadi alipozikwa hapo.

Wakati Watanzania wanahimizwa kuzitembelea na kuzifahamu fahari za nchi yao, maisha ya tabibu huyu yanastahili kusimuliwa upya. Ni maisha yaliyopimwa kwa hatua za miguu: hatua za kulazimishwa jangwani, hatua za hiari barabarani kuelekea ziwani, na hatua za huduma katika vijia vya Ukabende.

Mtoto wa kando ya mto Niger

Atiman alizaliwa takriban mwaka 1866 katika kijiji cha Tundurma, kando ya mto Niger, si mbali na mji wa kale wa Timbuktu, katika nchi ambayo leo inaitwa Mali. Ilikuwa nchi ya maji na mchanga: upande mmoja mto mkubwa wenye wavuvi, wakulima na wafugaji, upande wa pili jangwa la Sahara lenye misafara ya ngamia iliyobeba chumvi, nguo na binadamu.

Akiwa bado mtoto mdogo alitekwa na wafanyabiashara ya watumwa, akatenganishwa na wazazi wake na kuvushwa Sahara kuelekea kaskazini. Njia hiyo ilikuwa mojawapo ya njia ngumu kuliko zote barani Afrika. Visima vilikuwa mbali, jua lilikuwa kali, na aliyeishiwa nguvu aliachwa nyuma. Mtoto aliyefika upande wa pili alikuwa ameponea chupuchupu, wala hakuwa na njia ya kurudi kwao.

Mwaka 1876, katika oasisi ya Metlili kusini mwa Algeria, wamisionari wa shirika lililoanzishwa na Kardinali Charles Lavigerie mwaka 1868, ambalo Waswahili wengi wanalifahamu kwa jina la Mapadre Weupe, walimkomboa kwa kumlipia fedha aliyekuwa akimmiliki. Aliingia shuleni, akajifunza kusoma na kuandika, na akapewa jina la Adrian. Jina la Atiman alibaki nalo maisha yake yote, na ndilo ambalo watu wa Karema walikuja kulizoea.

Udaktari kisiwani Malta

Kardinali Lavigerie alikuwa na mpango ambao wakati huo ulionekana wa ajabu kwa watu wengi wa Ulaya. Aliona kwamba wamisionari wa kigeni walikuwa wakifa kwa wingi kwa homa za Afrika ya Kati, na kwamba huduma ya afya haingeweza kusimama ikiwa ingetegemea wageni peke yao. Akaamua kuwasomesha udaktari vijana wa Kiafrika waliokombolewa utumwani, kisha wapelekwe katika eneo la Maziwa Makuu wakiwa matabibu na walimu wa dini kwa pamoja.

Kwa ajili hiyo ilifunguliwa taasisi katika kisiwa cha Malta mwaka 1881. Atiman alikuwa miongoni mwa vijana waliopelekwa huko. Kwa miaka saba alisoma tiba katika kisiwa hicho kidogo cha Bahari ya Mediterania, akijifunza namna ya kuchunguza mwili wa binadamu, kuchanganya dawa, kuunga mifupa na kufanya upasuaji. Alipokamilisha masomo mwaka 1888 alikuwa na ujuzi ambao uwezo wa kuupata, katika zama hizo, ulikuwa wa Waafrika wachache mno.

Angeweza kutafuta maisha katika miji ya kaskazini mwa Afrika au Ulaya. Hata hivyo, njia aliyoishika ilikwenda kusini. Alisafiri na wamisionari hadi pwani ya Afrika Mashariki, na kutoka hapo akaanza safari ya kuelekea mahali ambapo hakuna aliyemjua: Karema.

Barabara ya misafara

Mwaka 1888 haukuwa mwaka wa utulivu Pwani. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilikuwa imeanza kujitwalia utawala wa miji ya mwambao, na wananchi wakiongozwa na Abushiri bin Salim walianza kupambana nayo. Misafara ya kuelekea bara ilipita katika hali ya wasiwasi.

Kutoka Bahari ya Hindi hadi Ziwa Tanganyika ni zaidi ya kilomita 1,000, na katika enzi hizo hapakuwa na namna nyingine ya kuukata umbali huo ila kutembea. Msafara uliondoka Pwani ukiwa na wapagazi walioweka mizigo vichwani na mabegani. Ulivuka mabonde ya mito, ukapanda milima ya Usagara, ukapita Mpwapwa na kuingia nyika kavu za Ugogo, ambako maji yalikuwa machache na ushuru wa kupita ulilipwa kwa watemi. Baada ya Ugogo ilikuja misitu ya Unyamwezi, na hatimaye mji wa Tabora, njia panda kuu ya bara, ambako barabara moja ilielekea Ujiji na nyingine ikapinda kusini magharibi kuelekea Karema.

Safari kama hiyo ilichukua miezi. Msafiri aliamka kabla ya alfajiri, akatembea mpaka jua lilipokuwa kali, kisha akapiga kambi penye maji. Usiku milio ya fisi na simba ilisikika kandokando ya moto. Mchana makundi ya pundamilia, nyati na swala yalionekana wazi katika mbuga ambazo leo nyingi zimekuwa mashamba na miji. Wanyama hao kwa msafara wa wakati ule hawakuwa burudani. Walikuwa kitoweo kwa mwenye bunduki na hatari kwa aliyebaki nyuma.

Barabara hiyo ndiyo pia iliyotumika kuwaleta watumwa na pembe za ndovu Pwani kutoka maziwani. Kijana aliyevushwa jangwa kama mateka sasa alipita katika njia ambayo wengine walikuwa bado wanaburutwa, ila yeye alielekea upande ambao wao walikuwa wanaondolewa. Mwaka 1889 msafara ulifika Karema.

Karema aliyoikuta

Karema ya wakati huo tayari ilikuwa na historia yake. Mwaka 1879 Kapteni Cambier wa Ubelgiji, akiwa ametumwa na Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika iliyoasisiwa na Mfalme Leopold wa Pili, alianzisha kituo hapo na kujenga ngome. Mwaka huo huo mfalme huyo alijaribu jambo lililowashangaza watu wa njiani. Tembo wanne waliofugwa waliletwa kutoka India na kushushwa Msasani, karibu na Dar es Salaam, ili watembee hadi Ziwa Tanganyika wakiwa wamebeba mizigo, na baadaye watumike kuwafundisha ndovu wa Afrika kufanya kazi. Tembo mmoja tu ndiye aliyefika Karema. Jaribio likaishia hapo, na ndovu wa Ukabende wakaendelea na maisha yao msituni.

Ngome yenyewe ilipata mkasa mwingine. Ilipojengwa, ziwa lilikuwa karibu nayo, kwani miaka hiyo kina cha maji kilikuwa juu sana. Lakini mto Lukuga, ulioko upande wa Kongo na ambao ndiyo njia pekee ya maji ya ziwa kutokea, ulikuwa umezibuka, na maji yakaanza kupungua mwaka hadi mwaka. Pwani ya Karema ikarudi nyuma, na mahali palipokuwa maji pakawa tambarare. Wajenzi walioiweka ngome kando ya ziwa wakajikuta wakilitazama kwa mbali.

Mwaka 1885 Wabelgiji waliwakabidhi Mapadre Weupe kituo hicho. Ndipo ngome ya kijeshi ilipogeuka kuwa misheni, na ndani yake watumwa waliokombolewa, wakimbizi wa vita na wakazi wa jirani wakapata makazi. Katika jumuiya hiyo ya watu waliotoka sehemu mbalimbali, Atiman hakuwa mgeni peke yake. Wengi wa majirani zake wapya nao walikuwa wametolewa kwao kwa nguvu. Tofauti yake ni kwamba yeye alikuwa amebeba sanduku la dawa.

Hakukawia kuwa mwenyeji. Alimwoa Agnes Wansahira, mwanamke wa Kibende, na kwa ndoa hiyo akaingia katika udugu wa watu wa vilima vile. Mtoto wao Joseph baadaye alipata upadre, akawa miongoni mwa Waafrika wa mwanzo kufikia daraja hilo katika eneo la Ziwa Tanganyika.

Tabibu wa vilima na mwambao

Ili kuielewa kazi ya Atiman ni lazima kwanza kuielewa ardhi aliyoifanyia kazi. Karema imekaa kwenye Bonde la Ufa. Ziwa liko mita zipatazo 773 juu ya usawa wa bahari, wakati nyanda zilizo nyuma yake zinapita mita 1,000. Katikati ni miteremko ya mawe, mabonde yenye mito inayojaa masika na kukauka kiangazi, na misitu ambamo kijiji kimoja kiliweza kuwa mwendo wa siku nzima kutoka kijiji kingine. Hakukuwa na barabara ya gari. Mgonjwa alifikishwa kwa machela au kwa mtumbwi, na tabibu alipomfuata mgonjwa alipita njia hizo hizo.

Magonjwa nayo yalikuwa mazito. Ndui iliua vijiji. Malaria haikuchagua mkazi wala mgeni. Malale, yanayoenezwa na mbung'o, yalienea kando ya ziwa na katika misitu ya miombo katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, yakamaliza watu na kuwafanya wengine wahame. Juu ya hayo palikuwa na majeraha ya kila siku ya watu wanaoishi karibu na pori: aliyeng'atwa na mamba wakati akiteka maji, aliyekanyagwa na nyati, aliyegongwa na nyoka shambani, mvuvi aliyevunjika mfupa mtumbwi ulipopigwa na dhoruba.

Kwa yote hayo palikuwa na tabibu mmoja. Dawa kutoka Ulaya zilichukua muda mrefu kufika, na mara nyingi hazikutosha. Atiman hakuketi kusubiri shehena. Alijifunza miti na mizizi ya Ukabende kutoka kwa waganga wa mitishamba na wazee waliokuwa wakiitumia kabla yake, akachunguza ipi inafaa kwa ugonjwa gani, na akaunganisha ujuzi huo na ule alioupata Malta. Katika enzi ambayo wageni wengi walidharau tiba za wenyeji bila kuzichunguza, jambo hilo lilihitaji unyenyekevu na jicho la mtaalamu kwa wakati mmoja.

Kuijua mitishamba kuna maana ya kuujua msitu. Mganga hutambua mti kwa gamba, kwa harufu ya jani, kwa msimu wa maua na kwa mahali unapopenda kuota: huu kandokando ya kijito, ule juu ya kilima chenye mawe. Maarifa hayo hayapatikani kwa kuketi. Hupatikana kwa kutembea polepole, kusimama, kuinama na kuuliza. Anayepanda vilima leo kwa kujifurahisha, akiwa na darubini ya kutazamia ndege, hufanya kwa starehe kile ambacho tabibu wa Karema alikifanya kwa ajili ya uhai wa watu.

Alifanya pia upasuaji, kwa vifaa vichache na bila msaidizi wa kiwango chake. Sifa zake zikavuka mipaka ya misheni. Walimjia Wakristo na wasio Wakristo, wenyeji na wageni, Waafrika na Wazungu. Aliyekuwa mali ya mtu katika soko la jangwani alikuwa sasa ndiye ambaye watu wa rangi zote walimkabidhi miili yao.

Tawala zabadilika, tabibu abaki

Katika miaka yake ya Karema, Atiman alishuhudia dunia ikibadilika mara kadhaa. Utawala wa Kijerumani ulisimama na kuanguka. Mwaka 1914 reli ya kati ilifika Kigoma, na safari iliyomchukua yeye miezi kwa miguu ikawa ya siku chache kwa treni. Vita Kuu ya Kwanza ilifika hadi ziwani, na meli ya Kijerumani ya Graf von Goetzen, iliyozamishwa na wenyewe mwaka 1916, iliibuliwa baadaye na kurudi majini mwaka 1927 kwa jina la Liemba, ikiunganisha vijiji vya mwambao kwa miongo mingi iliyofuata. Waingereza wakaichukua Tanganyika. Mwaka 1950 reli nyingine ilifika Mpanda kwa ajili ya madini ya risasi.

Wakati huo huo, nyika zilizo mashariki ya Karema zilianza kutazamwa kwa jicho jipya. Mwaka 1911 utawala wa Kijerumani uliliwekea ulinzi eneo la Katavi, na Waingereza wakaendeleza ulinzi huo kwa jina la pori la akiba la Rukwa. Baada ya Uhuru, mwaka 1974, Serikali ilianzisha Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Sehemu ya sababu ya nyika hizo kubaki na wanyama wengi ni ugonjwa ule ule uliomsumbua tabibu wa Karema: mbung'o waliwazuia watu kufuga na kulima, na katika enzi ya Waingereza wananchi wengi wa magharibi walikusanywa katika makazi maalumu ili kuepushwa na malale. Misitu ikabaki na ndovu, nyati, palahala na korongo. Hivyo, mandhari anayoifurahia mtalii wa leo yana upande wake wa majonzi, na ni haki msafiri akaujua.

Mwaka 1946 kumbukumbu zake alizoziandika mwenyewe zilichapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records, na kwa njia hiyo maisha ya mtoto wa Tundurma yakajulikana mbali zaidi ya ziwa. Alitunukiwa nishani kwa utumishi wake. Hata hivyo, heshima hizo hazikumtoa Karema. Aliendelea na wagonjwa wake hadi uzeeni.

Alifariki dunia mwaka 1956, akiwa na umri wa miaka 90 hivi, miaka 5 kabla ya Tanganyika kupata Uhuru. Alizikwa Karema, mbali na mto Niger alikozaliwa, lakini miongoni mwa watu ambao wengi wao walikuwa wamezaliwa akiwa tayari ni tabibu wao. Jina lake linaendelea kuitwa kila siku: hospitali ya Dkt. Atiman mjini Sumbawanga inahudumia wagonjwa wa Rukwa na mikoa ya jirani, na jijini Dar es Salaam, karibu na bandari, jengo la kale la Atiman House, lililojengwa enzi za Sultani Majid, limepewa jina lake.

Nyayo za kufuata

Mwananchi anayetaka kufuata nyayo za Dkt. Atiman leo hahitaji miezi. Mpanda inafikika kwa treni kutoka Tabora, kwa ndege na kwa barabara. Kutoka hapo anaweza kuchagua njia mbili, na mwenye siku za kutosha atafanya vyema kuzichukua zote.

Njia ya kwanza inaelekea kusini hadi Sitalike, lango la Hifadhi ya Taifa ya Katavi yenye ukubwa wa kilomita za mraba 4,471. Wakati wa kiangazi, kati ya Juni na Oktoba, maji yanapopungua katika mto Katuma na katika mabwawa ya Katavi na Chada, mamia ya viboko husongamana katika madimbwi machache yaliyobaki, huku mamba wakijihifadhi katika mapango ya kingo za mto. Nyati huteremka kunywa maji kwa makundi makubwa, na simba huwafuata. Ni hifadhi isiyo na msongamano wa magari, na wageni wanaweza kutembea kwa miguu wakiongozwa na askari mwenye silaha, yaani namna ile ile ya kuitazama nyika ambayo wasafiri wa zamani waliijua, ikiwa na usalama ambao wao hawakuwa nao.

Njia ya pili ni ile inayoshuka kwenda Karema. Hapa kuna bandari mpya iliyojengwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania ili kuhudumia biashara na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kuna misheni kongwe na historia ya ngome ya mwaka 1879. Kuna pwani ya ziwa lenye kina cha mita zipatazo 1,470, la pili kwa kina duniani, lenye samaki wa aina nyingi ambao hawapatikani mahali pengine popote. Asubuhi mitumbwi ya wavuvi hurejea na dagaa na migebuka. Jioni jua huzama nyuma ya milima ya Kongo. Kaskazini zaidi, katika misitu ya Wilaya ya Tanganyika na katika Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Mahale, wanaishi sokwe katika miteremko inayopanda hadi kilele cha Nkungwe, mita 2,462 juu ya usawa wa bahari.

Atembeaye katika vilima hivi akumbuke mambo machache. Msimu wa kiangazi unafaa zaidi kwa matembezi, kwani masika hufanya njia kuwa ngumu. Ni vyema kuongozana na mwenyeji anayezijua njia, kutoa taarifa kwa uongozi wa kijiji, kubeba maji ya kutosha na kuvaa nguo za rangi isiyokolea, kwa sababu mbung'o huvutiwa na bluu na nyeusi. Anayesimama ufukweni awaulize wavuvi kwanza kuhusu mamba na viboko kabla ya kuingia majini.

Amana iliyobaki

Hata hivyo, uzuri huu haujilindi wenyewe. Katika miaka ya karibuni maji ya mto Katuma yamekuwa yakipungua mno wakati wa kiangazi kutokana na ukataji wa miti, kilimo kisichozingatia vyanzo vya maji na uchepushaji wa maji katika sehemu za juu za mto, na viboko wameonekana wakitaabika katika matope. Ziwa nalo limeonyesha sura nyingine: tangu mwaka 2020 kina chake kimepanda na kufunika makazi na miundombinu katika maeneo kadhaa ya mwambao. Waliojenga ngome ya Karema waliona maji yakiwakimbia. Wakazi wa leo wameyaona yakiwafuata mlangoni. Somo ni lile lile, kwamba anayejenga kando ya ziwa hili hana budi kuiheshimu tabia yake.

Ipo pia mifano ya kutia moyo. Katika Wilaya ya Tanganyika, vijiji vinane vinavyouhifadhi msitu wa Ntakata vinapata mapato kupitia biashara ya hewa ukaa, na fedha hizo zimeelekezwa katika huduma za jamii ikiwemo afya. Msitu uliompa Atiman mizizi ya kutibia wagonjwa umerudi tena kuchangia matibabu, safari hii kwa njia ambayo yeye asingeweza kuiwazia.

Maisha ya Dkt. Atiman hayakuwa ya mtalii. Alitembea kwa sababu alilazimishwa, kisha kwa sababu alitumwa, na mwishowe kwa sababu kulikuwa na mtu mgonjwa upande wa pili wa kilima. Lakini kati ya mahali pote alipopita, kuanzia Niger, Sahara na Malta hadi Pwani na Tabora, alichagua kubaki katika mwambao huu hadi mwisho. Mwananchi anayesimama ukingoni mwa nyanda za juu na kulitazama Ziwa Tanganyika kwa mara ya kwanza analitazama bonde ambalo mtu huru alilifanya kuwa kwao. Inafaa ashuke na kutembea hatua chache, akiwa na fahamu kwamba vijia hivyo vimebeba machela za wagonjwa, na kwamba kuvitunza pamoja na misitu na mito yake ni wajibu wa wote wanaovipita.